Namna ya Kukagua Hema la Bei Nafuu kwa Ajili ya Kambi za Lindi na Mtwara

Anayenunua hema la bei nafuu mjini Mtwara au Lindi kwa kawaida huhakikishiwa na muuzaji mambo mawili: kwamba hema halipitishi maji na kwamba linatosha watu wanne. Kauli hizo zinaweza kuwa kweli kwa usiku mmoja na zisiwe kweli kwa usiku mwingine, kwa sababu hema lililomfaa mtu ufukweni Msimbati mwezi wa Julai linaweza kumlowesha mtu huyohuyo mwezi wa Februari, hata kama halijachanika popote. Kwa hiyo mwongozo huu haugawi mahema katika mazuri na mabaya. Unaeleza namna ya kulipima hema ulilonalo mkononi kwa kulilinganisha na usiku unaokusudia kulala ndani yake, na vipimo vyote vinaweza kufanyika uani kwa ndoo ya maji, tochi na msaidizi mmoja.

Hatua ya kwanza: tambua ni usiku wa namna gani

Mikoa hii miwili kwa sehemu kubwa ina msimu mmoja wa mvua, unaoanza Novemba au Desemba na kumalizika Aprili au Mei. Katika miezi hiyo ya kaskazi, joto la mchana pwani hupanda kupita nyuzi 30 na unyevu haupungui sana hata usiku. Kuanzia Mei hadi Oktoba huvuma kusi. Mvua huwa chache, usiku huwa na ubaridi wa kustahimilika, na upepo wa ufukweni huweza kuwa mkali, hasa Juni na Julai.

Ukishajua mwezi, unajua pia hema linadaiwa nini. Hema la Julai linadaiwa uimara wa fito na kamba kabla ya kitu kingine chochote, na hata likiwa na uwezo mdogo wa kuzuia maji bado linaweza kukufaa. Hema la Desemba linadaiwa hewa, maana hakuna anayeweza kupata usingizi ndani ya kitambaa kilichozibwa pande zote katika joto la mwezi huo. Hema la Februari na Machi linadaiwa yote kwa pamoja, na kwa maoni yangu ni mahema machache sana ya bei ya chini yanayoweza kulipa deni hilo bila kufanyiwa marekebisho.

Upo pia usiku ambao hakuna hema la daraja hili linalostahili kupewa nafasi. Mwezi Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilipita karibu na mpaka wetu na kuingia Msumbiji, na mwanzoni mwa Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika pwani ya Tanzania, kikaandamana na mvua zilizokata barabara kuu ya Dar es Salaam na Lindi wilayani Kilwa. Taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ikitaja upepo mkali au mvua kubwa kwa pwani ya kusini, ahirisha kambi, hata kama hema lako limefaulu kila kipimo kilichoelezwa hapa.

Hatua ya pili: soma lebo, lakini usiiamini yote

Tafuta kwenye lebo au kwenye mfuko wa hema namba inayofuatwa na herufi "mm". Namba hiyo inaeleza urefu wa maji yanayoweza kusimama juu ya kitambaa kabla ya matone kuanza kupenya, kwa hiyo kitambaa cha mm 1,000 kilipimwa kwa maji yenye kimo cha mita moja. Kwa paa la hema litakalotumika wakati wa mvua zetu, mm 1,500 ni kiwango cha chini ninachoweza kukipendekeza, na mm 2,000 au 3,000 ni bora zaidi. Sakafu inahitaji zaidi ya hapo, angalau mm 3,000, kwa sababu goti au kiwiko cha mtu mzima hukandamiza maji ya ardhini kwa nguvu inayozidi ya matone ya mvua. Mahema mengi ya bei nafuu yana sakafu ya plastiki iliyofumwa inayofanana na turubai la kawaida. Sakafu hiyo ni nzito na haina sura ya kupendeza, lakini mara nyingi huzuia maji vizuri kuliko kitambaa chembamba kilichopakwa utando wa kuzuia maji.

Namba yenye herufi "T", kama 190T, inaonyesha wingi wa nyuzi katika inchi moja ya mraba, na yenye herufi "D" inaonyesha unene wa uzi. Hazikuambii lolote kuhusu maji. Hema lisilo na namba yoyote ya "mm", bali maneno ya jumla tu kwamba halilowi, lichukulie kuwa hema la kiangazi mpaka maji yenyewe yathibitishe vinginevyo.

Kuhusu idadi ya watu, usihesabu picha za watu zilizochorwa kwenye mfuko. Pima sakafu kwa futi kamba na umpe kila mtu mzima upana wa sentimita 60. Hema la sentimita 200 kwa 200 linaloitwa la watu wanne litalaza watu watatu waliobanana, au wawili na mizigo yao. Idadi hiyo ya pili ndiyo ya kuizingatia, kwa kuwa mzigo ulioachwa nje usiku wa mvua utalowa.

Hatua ya tatu: kagua kitambaa, mishono na zipu hapohapo dukani

Weka mdomo kwenye kitambaa cha paa na upulize kwa nguvu. Kikiwa na upako mzuri, pumzi haipiti. Ukiisikia kwa urahisi kwenye kiganja ulichokiweka upande wa pili, upako ni mwembamba mno au haupo kabisa. Rudia mahali patatu au pane tofauti, hasa karibu na mikunjo, kwa sababu upako wa bei nafuu huanza kupasuka pale kitambaa kilipokunjwa kwa muda mrefu.

Kisha geuza paa la nje ndani nje na uitazame mishono. Mshono uliozibwa una utepe mwembamba unaong'aa uliobandikwa juu yake kwa joto. Usipouona utepe huo, kila tundu la sindano ni njia ya maji, na hema la namna hiyo halijawa tayari kwa mvua hata kama kitambaa chake kina mm 3,000. Shika kitambaa pande mbili za mshono na uvute kwa uthabiti: uzi haupaswi kukatika wala matundu kupanuka. Kagua kwa makini zaidi pembe za chini na mahali kamba zinapofungwa, maana huko ndiko mzigo wote wa upepo unakokwenda, na hapo pawe pameshonwa mara mbili au kuongezewa kiraka.

Hema la mtumba linahitaji uangalifu wa pekee, na ninalieleza kwa kirefu kwa sababu huenda likawa ununuzi bora kuliko hema jipya la bei hiyohiyo au likawa hasara kamili. Mahema mengi yanayofika kwenye marobota ya mitumba yalitengenezwa kwa viwango vya juu, yakiwa na mishono iliyozibwa na fito za alumini. Tatizo lao ni umri. Upako unaoandikwa "PU" kwenye lebo, yaani poliyurethani, huvunjika taratibu kwa unyevu na joto, na hema lililofungiwa likiwa bichi huharibika mapema zaidi. Dalili zake ni tatu: kitambaa kinanata ukikunjua tabaka mbili zilizogusana, kinatoa harufu kali ya uchachu, au upande wa ndani unabanduka magamba meupe yanayobaki mikononi. Ukiona hata moja kati ya hizo, rudisha hema kwenye fungu. Hakuna namna rahisi ya kuurejesha upako uliokufa, na hali ya hewa ya pwani yetu itaumaliza haraka.

Mwangalie adui wa pili wa mtumba, ambaye ni jua. Linganisha rangi ya kitambaa kilichofichwa chini ya mkunjo wa mlango na rangi ya kilele cha paa. Tofauti ndogo si neno, lakini kilele kikiwa kimepauka sana, kishike kwa ngumi mbili na ukivute, kwa sababu kitambaa kilicholiwa na jua huchanika kama gazeti. Poliesta hustahimili jua vizuri kuliko nailoni na hailegei sana inapolowa, na kwetu sisi tunaoishi takribani nyuzi 10 kusini mwa Ikweta tofauti hiyo ina maana kubwa. Ukipewa nafasi ya kuchagua kati ya mahema mawili yanayolingana kwa mengine yote, chagua la poliesta.

Zipu ifungue na kuifunga mara kumi au zaidi, ukiipitisha kwenye kona za mlango ambako ndiko hukwama. Baada ya hapo ivute kwa pembeni uone kama meno yanaachana nyuma ya kichwa chake. Zipu ngumu inaweza kulainishwa kwa kuisugua na mshumaa. Zipu inayoachana haina dawa ya kudumu isipokuwa kubadilishwa kichwa au kushonewa nyingine. Mtwara na Lindi ni mikoa yenye malaria, na mlango usiofunga hufanya wavu wote wa hema kuwa kazi bure. Mimi hulikataa hema la namna hiyo papo hapo, hata kama lililobaki ni zuri.

Hatua ya nne: fito

Fito za faibaglasi ndizo zinazopatikana kwenye mahema mengi ya bei nafuu. Pitisha kitambaa juu yake, wala si kiganja kitupu, kwa kuwa faibaglasi iliyoanza kupasuka hutoa vibanzi vyembamba vinavyochoma na ni vigumu kuvitoa kwenye ngozi. Tafuta mistari myeupe inayokwenda kwa urefu wa ufito, hasa karibu na vipande vya chuma vya kuungia, kwani ufito hupasuka kuanzia hapo. Uunge wote na uupinde taratibu hadi kufikia umbo la upinde utakalokuwa nalo hemani. Ukisikia mlio wa kupasukapasuka, hautafika mbali. Ufito wa milimita 7 unatosha hema dogo la watu wawili, lakini kwa hema kubwa zaidi ufukweni wakati wa kusi tafuta wa milimita 8.5 au zaidi. Lastiki iliyo ndani nayo ivutike na kurudi.

Mahema yanayojifungua yenyewe kwa waya wa chuma yanapendwa kwa sababu ya wepesi wake. Yanafaa kivuli cha mchana. Kwa kulala siyapendekezi kando ya bahari, kwa kuwa waya huo ukipinda au kushikwa na kutu ya hewa ya chumvi hauwezi kutengenezwa kambini, ilhali ufito wa faibaglasi uliovunjika unaweza kufungwa gango la kipande cha mwanzi na utepe wa gundi ukamaliza safari.

Hatua ya tano: lisimamishe uani na uingie ndani

Fanya hivi mchana wa jua kali. Ingia, funga kila mlango, subiri macho yazoee, kisha tafuta vitone vya mwanga kwenye paa na kwenye mishono, na kila kitone kizungushie alama ya chaki. Usiku msaidizi azunguke nje akimulika kwa tochi karibu na kitambaa. Matundu yaliyojificha mchana yataonekana.

Tazama paa la nje linashuka mpaka wapi. Katika mahema mengi ya bei nafuu paa hilo ni kofia ndogo inayofunika kilele pekee, na kuta zilizobaki ni za tabaka moja. Mvua inayoshuka wima inaweza kuzuiwa na kofia hiyo, lakini mvua inayosukumwa na upepo wa baharini hupiga ukuta moja kwa moja. Hema la msimu wa mvua linapaswa kuwa na paa la nje linaloshuka hadi karibu na ardhi, likiachana na kitambaa cha ndani kwa upana wa vidole vichache, kwa kuwa tabaka mbili zikigusana maji huhamia ndani.

Halafu lala. Lala na wenzako wote mnaokusudia kusafiri nao, mizigo ikiwemo, kwa nusu saa wakati wa alasiri, milango ikiwa imefungwa kwa wavu tu. Hema likiwa na dirisha moja dogo, mtajua mapema kama mtaweza kuvumilia usiku wa Desemba. Hewa nzuri inahitaji matundu mawili yanayoelekeana, moja likiwa juu, ili hewa ya moto ipate pa kutokea. Ukosefu wa hewa huleta pia maji: pumzi na jasho la watu waliolala hugandamana kama umande upande wa ndani wa kitambaa, na wengi huamka wakidhani hema limevuja usiku ambao haukuwa na mvua hata kidogo. Matone yaliyoenea sawasawa juu ya kitambaa kizima ni ya pumzi. Maji yanayofuata mstari wa mshono au kudondoka mahali pamoja ni ya uvujaji.

Wavu wa madirisha uwe na matundu yasiyopita yale ya chandarua cha kawaida, na usiwe na mianya pembeni ya zipu. Ukiwa na shaka, chukua chandarua cha mtu mmoja ukitundike ndani.

Hatua ya sita: mwagia maji ya kutosha

Kosa linalofanyika mara nyingi ni kunyunyizia hema kikombe cha maji na kuridhika. Mvua ya milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja kamili ya maji. Hema la mita 2 kwa 2 lina eneo la mita 4 za mraba, kwa hiyo mvua ya milimita 20 hulimwagia lita 80, yaani ndoo nne za lita 20. Manyunyu ya ndoo nne ndani ya nusu saa ni sawa na mvua kubwa ya kwetu, na hicho ndicho kipimo cha haki kwa hema linalotakiwa kwenda kambini Februari.

Tumia kopo la kumwagilia bustani, au ndoo kuukuu iliyotobolewa matundu madogo, na umwage kutoka juu ya kimo cha hema. Ndoo mbili zielekeze kileleni, na mbili kwenye kuta na pembe kutoka upande mmoja, kama mvua inayoletwa na upepo. Mtu mmoja akae ndani na tochi na chaki. Usiguse kitambaa kwa ndani wakati kinamwagiwa. Ukimaliza, subiri robo saa kabla ya kutoa hukumu, maana maji hutambaa polepole ndani ya uzi wa mishono.

Sakafu ipime baada ya hapo. Tandika gunia lililoloweshwa chini yake, piga magoti mahali hapo kwa dakika tano, kisha pangusa kwa karatasi kavu. Karatasi ikilowa, utalazimika kutandika turubai chini ya hema. Turubai hilo lisichomoze nje ya kingo za hema hata kidogo, kwa sababu sehemu inayochomoza hukusanya mvua na kuipeleka chini ya mgongo wako.

Hatua ya saba: ardhi na vigingi

Vigingi vinavyokuja na mahema haya kwa kawaida ni vyembamba, na ardhi yetu si moja. Katika mchanga wa Msimbati huchomoka kwa mkono. Katika mawe ya matumbawe ya Mikindani hupinda. Penye miamba kama ilivyo Masasi haviingii kabisa. Kwa mchanga, jaza mchanga katika viroba vidogo, funga kamba katikati, na ufukie kila kimoja kwa kina cha sentimita 30 hivi. Kwa miamba, funga kamba kwenye mawe mazito. Kilwa Kisiwani, ambako magofu yake yamo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu mwaka 1981, usikite kigingi popote mpaka uoneshwe mahali na wahifadhi, kwa sababu chini ya udongo huo kuna mabaki ambayo hayajachimbuliwa.

Hema likishafungwa kamba zote, msaidizi alisukume kwa viganja viwili kutoka kila upande kwa nguvu ya wastani. Likirudi wima, limefaulu. Ufito ukijipindua kuelekea ndani, ongeza kamba upande huo au elekeza mgongo mwembamba wa hema kusini wakati wa kusi. Ufukweni, kaa juu ya mstari wa mwani ulioachwa na bamvua, na usilale chini ya minazi. Hakuna kitambaa kinachozuia nazi.

Hatua ya nane: toa uamuzi

Rudisha hema lenye upako unaonata, zipu inayoachana, kitambaa kilicholiwa na jua, au ufito uliopasuka usio na mbadala. Omba kurudishiwa fedha mapema, na ndiyo sababu vipimo hivi vifanyike siku ileile ya kununua, risiti ikiwa bado mkononi.

Hema lenye mishono isiyozibwa, vitone vichache vya mwanga, vigingi dhaifu au kamba fupi linafaa kutengenezwa. Ziba mishono kwa gundi ya poliyurethani upande wenye upako, likiwa kavu na limesimama, na uache ikauke usiku mzima. Silikoni ya ujenzi haishikani vizuri na upako wa "PU". Kisha rudia ndoo nne. Lisipofaulu mara ya pili, libakie hema la miezi ya kusi, na kwa kazi hiyo litakuhudumia vema.

Hema lililofaulu lilale usiku mmoja uani kabla ya safari. Jiko la mkaa lisiingizwe ndani wala kwenye kibaraza chake, liwe linawaka au limebaki makaa tu, kwa kuwa hewa yake yenye sumu huua watu wakiwa usingizini, na kitambaa chenyewe hushika moto upesi. Ukirudi kutoka pwani, lisuuze kwa maji baridi yasiyo na chumvi, ukianza na zipu na viungio vya fito, lianike kivulini mpaka mishono yote ikauke, na ulihifadhi likiwa limekunjwa kwa kulegea, mbali na joto la bati.